Mama Tanbihi na Vitabu vya Wabishi

Mwezi uliopita niligusa, kwa aya moja tu, vitabu vya waandishi wanaopinga yale ambayo watu wengi wameshayakubali kuhusu sayansi, mazingira na jamii. Barua zikamiminika. Basi ukurasa wote wa leo nimewaachia wabishi na wasomaji wao. Kwa wageni: jina la Mama Tanbihi nilibandikwa na wapiga chapa, nilikosahihisha prufu kwa miaka thelathini na mmoja, kwa kuwa kitabu huanza kukisoma nyuma. Sura ya kwanza mwandishi hukupokea sebuleni. Kwenye tanbihi unamkuta jikoni.

Swali: Shikamoo Mama. Shemeji yangu amenipa kitabu cha Bjørn Lomborg, Mdenishi. Anasema kinathibitisha kwamba mabadiliko ya tabianchi ni uzushi. Mhadhiri wangu naye kaniambia nisipoteze muda, kwani mwandishi alishatiwa hatiani kwa udanganyifu. Nimsikilize nani? (Katikati ya Mafahali Wawili)

Marahaba, mwanangu. Nahisi hao mafahali wote wawili hawajakifungua hicho kitabu.

Kilitoka kwa Kiingereza mwaka 2001 kwa jina la The Skeptical Environmentalist, kikichapwa na Cambridge University Press. Lomborg hakuwa mtu wa ikolojia, alikuwa akifundisha takwimu Chuo Kikuu cha Aarhus. Anasimulia kwamba mwaka 1997 alisoma mahojiano ya mwanauchumi wa Marekani, Julian Simon, aliyedai kuwa karibu kila kipimo cha maisha ya binadamu kinazidi kuwa bora. Lomborg aliona ni upuuzi, akakusanya wanafunzi wake wamuumbue bwana huyo kwa tarakimu. Wakapekua, wakapekua, na madai mengi ya Simon yakabaki yamesimama. Kitabu kilizaliwa na aibu hiyo, na kwa kweli hapo ndipo ninapompenda zaidi.

Tuanze na shemeji. Ndani ya kitabu hicho Lomborg anakubali kwamba dunia inapata joto na kwamba hewa ukaa itokanayo na shughuli za binadamu inachangia. Ugomvi wake ni wa mfuko: kwamba kupunguza hewa hizo kwa haraka kutagharimu kuliko kutakavyookoa, na fedha hiyo ingefaa zaidi kwenye maji safi na tiba. Unaweza kuikataa hesabu hiyo. Mimi naikataa, kwa sababu inawapa uzito mdogo mno watu ambao hawajazaliwa. Lakini kusema kitabu kinakanusha joto la dunia ni kukisoma kwa jalada.

Sasa mhadhiri. Januari 2002 jarida la Scientific American liliwapa wataalamu wanne kurasa kumi na moja za kumchambua Lomborg, na hawakumhurumia. Januari 2003 kamati za Denmark zinazosimamia uadilifu wa utafiti zikatamka kwamba kitabu, kwa jinsi kilivyo, kinakiuka uadilifu wa kisayansi, ingawa hazikusema mwandishi alikusudia. Ila Desemba mwaka huohuo Wizara ya Sayansi ya Denmark iliupiga teke uamuzi huo, ikisema, pamoja na mengine, kwamba kamati hazikuonyesha makosa yenyewe ni yapi. Kwa hiyo mhadhiri wako amekusomea kesi akaishia kabla ya rufaa.

Nilikipitia na penseli kwa wiki tatu. Kina tanbihi karibu 3,000, na niliwahi kuwaambia vijana wa chapani kwamba wingi wa tanbihi ni kama wingi wa mashahidi: uliza kwanza walikuwapo? Nyingi za Lomborg zinaelekeza kwenye magazeti na ripoti za watu wengine. Tanbihi za mitumba. Anapohesabu vitu vinavyohesabika, kama chakula kwa kila mtu, vifo vya watoto au hewa ya miji ya nchi tajiri, yuko imara, na waliotabiri kiama hawana jibu. Akifika kwenye viumbe wanaotoweka, ardhi inamtitia. Wengi wa viumbe duniani hata jina la kitaalamu hawajapewa, na asiyejua idadi ya kuku bandani hawezi kuapa kwamba kicheche amechukua wachache.

Soma kitabu chote, kisha soma zile kurasa kumi na moja. Shemeji mpe nafasi ya mwisho.

Swali: Huyo Simon si ndiye aliyeshinda dau na profesa aliyesema tutakufa njaa? Nimeisikia hadithi hii kwa namna tatu tofauti. (Mpenda Hadithi)

Ndiye, na hadithi yenyewe ni tamu hata bila chumvi.

Paul Ehrlich, mtaalamu wa vipepeo wa Chuo Kikuu cha Stanford, alitoa mwaka 1968 kitabu kiitwacho The Population Bomb. Watu duniani walikuwa kama bilioni tatu na nusu. Aliandika kwamba vita vya kulisha binadamu vimeshaisha kwa kushindwa, na kwamba katika miaka ya 1970 mamia ya mamilioni watakufa njaa. Kitabu kikauzwa kwa mamilioni, mwandishi akawa mgeni wa kila televisheni.

Mwaka 1980 Simon, aliyekuwa hajulikani hivyo, alimpa changamoto. Kama watu wakiongezeka vitu vinaadimika, basi bei zitapanda. Haya, chagua malighafi unazotaka, chagua na muda. Ehrlich na wenzake wawili wakachagua shaba, kromiamu, nikeli, bati na tungsteni. Kila moja dola 200, jumla dola 1,000, kwa miaka kumi. Baada ya kuondoa mfumuko wa bei, kama jumla imepanda Simon analipa tofauti, kama imeshuka wanalipa wao. Katika miaka hiyo kumi dunia iliongeza watu zaidi ya milioni 800, na madini yote matano yakashuka bei. Mwaka 1990 Simon alipokea bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi ya bei za madini na hundi ya dola 576 na senti saba. Barua haikuwamo.

Wanaosimulia huishia hapo, wakicheka. Mimi huendelea kidogo, maana kuna mambo mawili yanarukwa. La kwanza, wachumi waliorudia hesabu kwa kuanzia miaka mingine ya karne ya ishirini walikuta kwamba katika vipindi vingi Ehrlich ndiye angechukua fedha. Simon alikuwa na hoja, na alikuwa na bahati pia. La pili, mwaka 1995 Ehrlich na mwenzake walimletea dau jipya lenye vipimo kumi na vitano, kikiwamo joto la dunia na kiasi cha hewa ukaa angani. Simon alikataa. Alitaka kupima hali ya watu, wao walitaka kupima hali ya dunia. Bei ya shaba inaweza kukupigia kengele shaba ikipungua, lakini anga haina muuzaji, na kwa hiyo haina bei ya kupanda.

Na njaa kubwa aliyoitabiri Ehrlich? Haikuja kwa kiwango kile, kwa sehemu kwa sababu ya ngano fupi zenye mazao mengi za Norman Borlaug, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970. Watu walivuka bilioni nane mwaka 2022.

Swali: Mama Tanbihi, nafundisha jiografia sekondari. Kila kitabu cha kiada kinasema watu wakiongezeka Afrika, ardhi huchakaa na misitu huisha. Kuna mwandishi aliyelipinga hili kwa ushahidi, si kwa hasira? (Mwalimu wa Zamu)

Mwalimu, umenigusa penyewe. Hapa ndipo rafu yangu ilipopinda kwa uzito.

Tafuta kwanza More People, Less Erosion, cha mwaka 1994, cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki. Kinahusu Machakos, Kenya, kuanzia 1930 hadi 1990. Maofisa wa kikoloni wa miaka ya 1930 waliandika kuhusu vilima vya Machakos kama mtu anayeandika tanzia: makorongo, udongo mwekundu uliobaki uchi, mifugo mingi kupita kiasi. Serikali ikaamua kuwapunguzia Wakamba ng'ombe kwa nguvu, na mwaka 1938 Muindi Mbingu akawaongoza watu kwenda Nairobi kupinga. Kwa kanuni ya kitabu chako cha kiada, ukizidisha watu mara sita mahali kama hapo utapata jangwa. Watu waliongezeka mara sita kweli. Watafiti walipokwenda kusimama palepale palipopigwa picha za zamani, walikuta matuta, miti iliyopandwa, mashamba yaliyozungushiwa ua, na mavuno ya kila hekta yamepanda sana.

Ninachokipenda kuliko vyote ni tuta lenyewe. Unachimba mtaro kufuata usawa wa mlima, udongo unautupa upande wa juu, na mvua za miaka zinakamilisha kazi kwa kulijaza tuta nyuma yake. Linaitwa fanya juu. Ukifungua vitabu vya Kiingereza vya hifadhi ya udongo utalikuta jina hilo hivyohivyo, fanya juu, halijatafsiriwa. Nilipoliona mara ya kwanza kwenye prufu nilidhani ni agizo la mhariri kwa mpanga herufi.

Miaka kama thelathini kabla, Mdenishi mwingine, Ester Boserup, alikuwa ameshaeleza wazo lililo chini ya yote haya katika kitabu cha mwaka 1965: watu wakibanana, hulima kwa bidii na akili zaidi. Lakini usiwape wanafunzi Machakos kama dawa ya kila homa. Wakosoaji wamesema kwa haki kwamba Nairobi iko karibu, kwamba kahawa ilikuwa na soko, kwamba mishahara iliyotumwa nyumbani ndiyo iliyolipia matuta mengi, na kwamba wapo waliobaki bila ardhi. Boserup alionyesha kinachowezekana. Hakuahidi kitatokea kila mahali.

Cha pili ni Misreading the African Landscape, cha mwaka 1996, cha wanaanthropolojia James Fairhead na Melissa Leach. Wilaya ya Kissidougou, Guinea, ni nyika yenye visiwa vya msitu, na katikati ya karibu kila kisiwa pana kijiji. Maofisa wa Kifaransa waliitazama picha hiyo wakaona masalia: zamani palikuwa na msitu mmoja mkubwa, wanakijiji wakaumaliza kwa moto na majembe, vikabaki viraka. Sera zikajengwa juu ya mtazamo huo, na wataalamu waliokuja baada ya uhuru wakaurithi bila kuuliza. Fairhead na Leach walilinganisha picha za ndege za mwaka 1952 na picha za satelaiti za miaka kama arobaini baadaye, wakakuta misitu katika maeneo mengi imeongezeka. Wakawauliza wazee. Wazee wakawaeleza jambo ambalo kwao halikuwa siri: ukianzisha kijiji nyikani, unafuga, unalima bustani, unazuia moto usifike karibu, na msitu unakua kukuzunguka. Kijiji hakikukuta msitu. Kijiji ndicho kilichouotesha.

Fikiria, Mwalimu, karibu karne nzima watu wanalaumiwa kwa kumaliza kitu walichokipanda.

Wanafunzi wakichangamka, wape na Rapa Nui, kisiwa cha masanamu ambako Mholanzi Jacob Roggeveen alifika Pasaka ya mwaka 1722. Jared Diamond alikifanya mfano mkubwa wa jamii iliyojiangamiza kwa kumaliza miti yake, katika kitabu chake cha mwaka 2005. Miaka sita baadaye Terry Hunt na Carl Lipo wakaandika kinyume: panya waliokula mbegu za miti hiyo ya jamii ya mnazi wana kesi ya kujibu, na hakuna ushahidi wa watu kuanguka kabla ya Wazungu kuja na maradhi yao. Wenyeji walikuwa wakisema siku zote kwamba masanamu yalitembea. Watafiti hao wakafunga kamba tatu kwenye sanamu ya mfano yenye tani nne na zaidi, watu kumi na wanane wakaliyumbisha huku na huku, na likatembea.

Swali: Ni kweli mwanafizikia aliandika upuuzi kwa makusudi na wasomi wakauchapa? (Msomaji wa Kiguu na Njia)

Kweli. Alan Sokal wa Chuo Kikuu cha New York, mwaka 1996, katika jarida la Social Text. Aliweka maneno mazito juu ya maneno mazito kudai kwamba uvutano wa kikwantamu, nadharia ya fizikia, ni jambo linaloundwa na jamii, makala ilipotoka akatangaza mahali pengine kwamba ilikuwa mtego. Mwaka uliofuata yeye na Jean Bricmont wakatoa kitabu kwa Kifaransa kuwashutumu wanafalsafa wanaoazima istilahi za hesabu wasizozielewa. Nilicheka hadi machozi. Baadaye nikajifunza kwamba jarida lile wakati huo halikuwa likipeleka makala kwa wahakiki wa nje, nikacheka kidogo.

Swali: Nimesoma safu yako miaka minne na sasa nimechoka. Kila mara "kwa upande mwingine". Wegener alichekwa. Daktari wa Australia aliyekunywa bakteria alichekwa. Wote walikuwa sahihi! Mbona unaogopa kusema wazi kwamba wanaopingwa na wakubwa ndio wakweli? (Asiyeogopa)

Karibu, Asiyeogopa. Nitajibu wazi.

Alfred Wegener alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa, na kitabu chake cha mwaka 1915 kilisema mabara yalikuwa pamoja yakaachana. Alichekwa, ndiyo. Alifariki Greenland mwaka 1930, na ilipofika miaka ya 1960, vipimo vya sumaku kwenye sakafu ya bahari vilipopatikana, jiolojia ikamfuata. Ila soma na waliomcheka walisema nini. Wegener alieleza kwamba mabara yanalima njia yake kwenye sakafu ya bahari, yakisukumwa na mzunguko wa dunia na nguvu za mwezi na jua. Wanafizikia walimjibu kwamba nguvu hizo ni ndogo mno. Walikuwa sahihi. Yeye alikuwa na kweli kuhusu mwendo, wao kuhusu sababu, na ilibidi kizazi kizima kipite kabla ya mtu kuipata sababu yenyewe.

Daktari wako, Barry Marshall, alikunywa mchuzi wa bakteria mwaka 1984, akitetea dai kwamba bakteria ndio wanaoleta vidonda vya tumbo. Hakupata kidonda cha tumbo kama inavyosimuliwa. Alipata uvimbe wa utando wa tumbo, akaangaliwa kwa kipimo cha ndani, bakteria wakaonekana, akatibiwa. Kisha yeye na Robin Warren waliendelea kufanya kazi, wengine duniani wakarudia majaribio, wagonjwa wakapona kwa dawa za kuua bakteria, na mwaka 2005 wakapewa Nobel. Kilichompa ushindi ni wale wagonjwa waliopona. Kuchekwa kulimchelewesha tu.

Sasa niongeze jina ambalo hukuliandika. Peter Duesberg, profesa wa Berkeley, hakuwa mganga wa mtaani. Alikuwa miongoni mwa waliogundua jeni ya kwanza ya saratani katika virusi, mwaka 1970, na alichaguliwa kuwa mwanachama wa Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani. Mwaka 1996 alitoa kitabu kinene, Inventing the AIDS Virus, akidai kwamba VVU havisababishi UKIMWI, na kwamba dawa zenyewe ni sehemu ya ugonjwa. Dibaji iliandikwa na Kary Mullis, mshindi wa Nobel ya kemia. Kina kila sifa unayoipenda: mtu mmoja dhidi ya wakubwa, sauti kali, tanbihi tele. Niliisoma dibaji ile nimesimama dukani, na nakiri ilinivuta.

Mwaka huohuo wa 1996 ndipo matokeo ya dawa mchanganyiko yalipotangazwa, na vifo vya wagonjwa waliozipata vikaanza kuporomoka. Dai lake lilipewa mtihani wa wazi kabisa: kama dawa ndizo zinazoua, wanaomeza watakufa zaidi. Hawakufa zaidi. Duesberg hakurudi nyuma. Mwaka 2000 aliketi kwenye jopo la ushauri la Rais Thabo Mbeki wa Afrika Kusini, na serikali hiyo ikachelewesha dawa. Watafiti wa Harvard walikadiria mwaka 2008 kwamba ucheleweshaji huo uligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000 kati ya 2000 na 2005.

Kwa hiyo naogopa, Asiyeogopa. Wabishi wote watatu walipingwa na wakubwa, na kupingwa huko hakukunisaidia hata chembe kuwatofautisha. Nilichokitumia ni swali moja: alipoletewa jambo ambalo nadharia yake ilisema halitatokea, alifanya nini? "Kwa upande mwingine" yangu inatoka hapo. Miaka minne ni mingi, na kama umechoka sitakulaumu.

Swali: Shikamoo. Wewe mwenyewe umewahi kudanganywa na kitabu? (Mdadisi)

Marahaba. Nimewahi, na kitabu nilichokipenda.

Mwaka 1981 Stephen Jay Gould alitoa The Mismeasure of Man, kupinga wazo kwamba akili za watu zinaweza kupangwa ngazi kwa ukubwa wa fuvu au kwa alama za jaribio. Sura inayokumbukwa ni ya Samuel Morton, daktari wa Philadelphia wa karne ya kumi na tisa, aliyekusanya mafuvu karibu elfu moja akapima ujazo wake, kwanza kwa mbegu, baadaye kwa chembe ndogo za madini ya risasi. Gould alidai Morton alipindisha vipimo bila kujijua, akabuni na picha: Morton anashika fuvu kubwa la mtu mweusi, anajaza mbegu kiholela; anashika fuvu dogo la mzungu, anatikisa, anakandamiza kwa kidole gumba. Kile kidole gumba kiliniingia. Nimekisimulia mezani, darasani, hata kwenye msiba mmoja.

Gould hakuyapima mafuvu. Alifanya kazi na majedwali. Mwaka 2011 kundi la wanaanthropolojia likaenda yalipohifadhiwa, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, likapima upya zaidi ya mia tatu, likakuta vipimo vya Morton kwa jumla vilikuwa sahihi, na makosa machache yaliyopo hayakuelekea kwenye ubaguzi wake. Wapo waliomtetea Gould baadaye, hasa kuhusu zile hesabu za mbegu, na mjadala haujafungwa. Morton alikuwa mbaguzi, na ngazi yake ya mataifa ni takataka hata kama fuvu alilipima vizuri, kwa kuwa ujazo wa fuvu haukupi ngazi ya watu. Gould hakukihitaji kile kidole gumba. Nami sikukikagua, Mama Tanbihi mzima, kwa sababu kilisema nilichotaka kusikia.

Tangu hapo vitabu ninavyokubaliana navyo ndivyo ninavyovisoma kwa penseli nyekundu. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman alinifundisha namna ya kubeba kosa. Katika kitabu chake cha mwaka 2011 aliandika sura nzima kuhusu majaribio ya namna neno dogo linavyoweza kumbadilisha mtu mwenendo, akasema hatuna budi kuyaamini. Majaribio kadhaa yaliporudiwa hayakutoa matokeo yale. Mwaka 2017 akaandika hadharani kwamba alitegemea mno tafiti zenye watu wachache. Alikuwa na miaka zaidi ya themanini na Nobel kabatini.

Swali: Mama, ni mimi tena, wa Mafahali Wawili. Barua ya kwanza niliituma Jumatatu, hii naiandika Ijumaa. Shemeji amekataa kusoma zile kurasa za kumchambua Lomborg ulizompendekezea rafiki yangu mwaka jana, anasema zote ni propaganda. Nifanyeje naye?

Usibishane naye tena, mwanangu. Wekeaneni dau la maandishi: kipimo kimoja, mwaka mmoja, mahali tarakimu itakapotolewa, na sahihi zenu wawili. Kama hakubali kuandika tarakimu yoyote ambayo ikitokea atasema "nimekosea", hapo utajua mnazungumzia kitu kingine kabisa, na mnaweza kula chakula kwa amani.

Mimi nina la kwangu na kaka yangu, tuliandikiana mwaka 2017, karatasi imo ndani ya kamusi kwenye herufi M. Niliandika kwamba ifikapo 2027 dunia itachoma makaa ya mawe machache kuliko mwaka ule tuliotia sahihi. Yeye akaandika hapana. Anayeshindwa atamsomea mwenzake kwa sauti kitabu kizima atakachochagua mshindi, pamoja na tanbihi zote. Mwaka 2024 makaa yaliyochomwa duniani yalivunja rekodi, na kaka ameshaanza kuniuliza, kwa upole wa kuudhi, kama miwani yangu bado inafaa.